Mama Rangi na Vyuma Kumi

Kwenye kibao cha duka letu kumeandikwa "Baba na Mwana, Wauza Vyuma". Baba anayetajwa pale ni babu yangu, na mwana ni baba yangu. Aliyeyaandika maneno hayo, na anayeyapaka upya kila yakianza kuchunika, ni shangazi yangu, mtoto wa kwanza wa babu, ambaye kibao hakimjui. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini asijiongeze tu, maana brashi anayo mkononi na babu ameshazikwa. Alicheka akasema nafasi haitoshi. Nafasi ilikuwepo tele, hata ya kuchora ng'ombe na ndama wake.

Wateja wanamwita Mama Rangi. Mtoto wa kumzaa hana. Hilo la mama wamempa wenyewe, na rangi ndiyo kazi yake. Kwenye yadi yetu tunauza mabomba, mabati, engo za kutengenezea fremu, na vyuma vya mviringo virefu kuliko chumba, vingine vyembamba kama kidole gumba, vingine vinene kama paja. Hivyo vya mviringo ndivyo vinavyotunyima usingizi. Chuma laini na chuma kigumu vikilala pamoja ni mapacha: vyote vyeusi, vyote baridi, uzito uleule. Laini kinapinda, kinafaa kwa mageti na madirisha. Kigumu kinabeba. Ukivichanganya, kwa macho hutajua mpaka siku kitu kitakapopinda au kukatika, na siku hiyo atakayekuwa chini yake si wewe muuzaji, ni mtu mwingine kabisa.

Babu alilijua hilo kwa njia mbaya. Alianza na mkokoteni wa vyuma chakavu, akapata kibanda, akapata yadi, na muda wote huo alikuwa anachagua vyuma kwa macho na kujisifu kwamba hajawahi kukosea. Kisha akamuuzia mtu kipande cha kutengenezea mkono wa winchi. Kikapinda mzigo ukiwa juu, mkono ukamponyoka yule mtu, ukazunguka na kumvunja taya. Hakufa, ila alikaa miezi akila vitu vya majimaji kwa mrija. Babu alikuwa anakwenda kumjulia hali kila wiki, mpaka yule mtu akamwambia kwa kuandika kwenye karatasi: mzee, tafadhali usije tena, ukija wewe taya linauma zaidi.

Ndipo babu akanunua rangi. Chuma kikishuka tu kwenye lori, kabla hakijagusa kitu, mwisho wake mmoja unapakwa: njano ni kigumu, nyeupe ni laini, na rangi nyingine tatu kwa aina nyingine. Wakati wa kukata, msumeno unaanzia upande usio na rangi, ili kipande kinachobaki kibaki na alama yake. Chuma kilichopoteza rangi tunakiita yatima, na yatima hauzwi. Hata kiwe kizima na kipya, kinakwenda kwenye lundo la chakavu. Kwetu hakuna kubahatisha wala "nadhani".

Brashi alipewa shangazi akiwa na miaka kumi na mitano, kwa sababu mkono wake ulikuwa umetulia, wakati baba yangu alikuwa anajipaka mpaka masikioni. Sasa ana miaka sitini na sita. Funguo zilikwenda kwa baba, meza ikaenda kwa baba, na kibao mnakijua. Shangazi alibaki na brashi. Nayasema haya bila uchungu. Basi, kwa uchungu kidogo. Wapakuzi walikuja na kuondoka, misumeno ikabadilishwa, lakini rangi hakuna mwingine aliyeigusa kwa miaka hamsini na mmoja. Mwaka jana baba alipoanza kusema kwa sauti ya upole, "Dada naye sasa apumzike," shangazi alisimama. Alichukua brashi akatoka nje, akapaka mpaka miguu ya benchi.

Kwa hiyo hebu elewa: brashi ikimtoka mkononi, mtu huyu hana cha kufanya pale yadi zaidi ya kuwa mgeni anayekaribishwa kiti.

Yalianza Jumamosi moja duka likiwa limepoa. Nilishikwa na ugonjwa wa usafi, ambao hunijia mara mbili kwa mwaka na hauna dawa. Nikaingia kwenye kibanda cha nyuma, kwenye rafu ya rangi. Makopo yapo matano, ya ukubwa mmoja, kwa sababu rangi tunanunua kwa ndoo na kuimimina humo, na yote yamechafuka kwa matone mpaka kwa nje hutofautishi lipi ni lipi. Nikayateremsha, nikayafuta, nikasugua rafu kwa sabuni, nikayarudisha kwa mpangilio ulionipendeza, kuanzia iliyopauka mpaka iliyokoza: nyeupe, njano, buluu, nyekundu, nyeusi. Zamani njano ndiyo ilikuwa ya kwanza, na nyeupe ya pili. Nilitoka pale najipongeza. Sikumwambia mtu, maana nani anatangaza kwamba ameosha rafu?

Jumatatu lori lilileta vyuma kumi vya mviringo, laini, unene mmoja. Baba akapiga kelele, "Dada, hivi laini vyote kumi!" akarudi mezani kwake na karatasi za mzigo. Nikamwona shangazi kupitia dirisha la kaunta amechuchumaa, mgongo kwangu, anapaka mwisho mmoja baada ya mwingine kwa haraka yake ileile. Wapakuzi wakavipandisha kwenye kichanja kwa kufuata rangi. Kwao chuma ni uzito tu, hawana maswali. Jumanne baba akasafiri kwenda kiwandani kufuata mzigo, arudi Ijumaa. Mimi nikabaki na kaunta, shangazi na yadi.

Jumatano tulikata chuma kimoja mara mbili. Kipande cha kwanza alichukua fundi wa kukereza vyuma, jirani yetu wa mtaa wa pili, tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Cha pili alichukua mtu nisiyemjua, mrefu, ovaroli la buluu lililokatwa mkono mmoja, njiti ya kiberiti mdomoni.

"Nipe kigumu, dada," aliniambia. "Tuliweka pini ya kuokota ikapinda. Hii inashika lifti yetu ya kunyanyulia magari, na anayekaa chini yake ni mimi."

"Basi nikupe kigumu mara mbili," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka. Nikatazama rangi, njano safi, nikamwonyesha mkataji. Yule mtu akaweka kipande begani akaondoka anapiga mluzi. Hicho kicheko changu nimekisikia masikioni mara nyingi tangu siku hiyo, na sikipendi hata kidogo.

Alhamisi asubuhi, saa tatu hivi, Kimya aliingia akiongea tangu barabarani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kaunta, anakunywa chai.

"Mama Rangi, shikamoo! Jamani mmeanza kuleta vyuma vya wapi? Nimekereza miaka ishirini, sijaona chuma kigumu chenye adabu namna ile! Kisu kinapita tu, hakilii, hakigombi. Nimemaliza bushi nne kabla ya chai. Nikasema lazima nije niwashukuru."

"Marahaba," shangazi akasema, na kikombe kikasimama hewani. "Umesema hakikulia?"

"Hata kunong'ona! Angalia, maganda yenyewe haya." Akachomoa kwenye sweta lake uzi wa chuma uliojikunja, mrefu kama mkono. "Nimempelekea mpaka mke wangu, nikamwambia shika bangili."

Shangazi alinyoosha mkono, akaupokea ule uzi, akaupitisha polepole katikati ya vidole tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuutazama. Nilidhani anafanya mzaha. Chuma kigumu kikikerezwa kinatoa vipande vifupi vinavyokatikakatika. Hata mimi wa kaunta nalijua hilo. Uzi ule ulikuwa haujakatika popote.

"Bushi zako ni za nini?" akamuuliza.

"Za magurudumu ya mkokoteni."

"Hazina neno hizo. Nenda kafanye kazi, mwanangu. Ahsante."

Kimya akaondoka amefurahi, akimsalimia kila aliyempita. Shangazi akaweka kikombe chini, nacho kikagonga ukingo wa benchi kikaanguka. Hakukiokota. Aliniambia nifunge kaunta nimfuate.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kichanja cha njano, akapapasa, akatoa kile kipande kilichobaki. Tukakipeleka kwenye jiwe la umeme la kunolea. Babu ndiye aliyewafundisha wanawe njia hii: chuma laini kikiguswa na jiwe kinarusha cheche ndefu zilizonyooka, na kigumu kinarusha cheche zinazopasukapasuka mwishoni. Shangazi alikuwa akinionyesha nikiwa msichana, na hakuwahi kuhitaji kutazama mara mbili. Safari hii alikishika chuma, akakisukuma kwenye jiwe, cheche zikajaa kibanda kizima. Akaniuliza, "Unaona nini?"

"Cheche," nikasema, kama mjinga.

"Najua ni cheche. Zinapasuka?"

Nikamtazama. Zilikuwa zinamrukia mpaka kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, na yeye macho ameyaelekeza pale pale, wazi kabisa, ananisubiri mimi nimwambie. Mambo mengi yakaja kwa mpigo mmoja: jinsi alivyoanza kuwatambua watu kwa sauti, jinsi anavyoweka kidole kwenye ukingo wa kikombe akimimina chai, jinsi alivyoacha kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimeyaona yote na kuyaita uzee.

"Hazipasuki, shangazi. Zimenyooka."

Akazima mashine. Jiwe likaendelea kuzunguka muda mrefu kabla ya kusimama.

"Hiki kilikatwa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Cha pili kimekwenda wapi?"

Nilipomwambia ya lifti ya kunyanyulia magari, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jina la yule mtu sikulijua, namba ya simu sikuwa nayo. Nilikumbuka njiti ya kiberiti na ule mkono wa ovaroli. Nikajikaza, nikakumbuka na neno moja alilolisema akiwa anaondoka: nikitaka breki zangu zitazamwe niende nyuma ya kituo cha mafuta.

"Kituo kipi?"

"Hakusema."

"Washa gari," akasema shangazi.

Pikapu yetu ina tabia ya kugoma mtu akiwa na haraka. Siku ile iliwaka mara ya kwanza, na hilo badala ya kunituliza likanizidishia hofu, maana nilikuwa nategemea dakika mbili za kuvuta pumzi. Vituo vya mafuta vyenye gereji nyuma navijua viwili. Nilikwenda cha karibu. Kila taa ya barabarani iliyotusimamisha nilikuwa napiga hesabu: ameinunua jana mchana, jana jioni ameikata, leo asubuhi ameifunga. Labda hajaifunga. Labda ana malaria, amelala nyumbani. Nilimwombea mtu malaria, Mungu anisamehe.

Shangazi alikaa mkoba mapajani, ameshikilia mpini wa mlango kana kwamba atauchomoa. Mara moja tu alisema, "Usikimbize sana. Tukigonga mtu hatutafika."

Gereji ya kwanza nilishuka nikaingia nakimbia. Vijana watatu walikuwa wanasukuma gari.

"Lifti? Sisi tunatumia shimo, dada," mmoja akanijibu. "Lifti wanayo wale matajiri wa kule juu, karibu na shule. Wamejitengenezea wenyewe."

Wakacheka. Sikuwa na mbavu za kucheka.

Kule juu tulifika saa nne na nusu. Nyuma ya kituo cha mafuta kuna uwanja wa zege uliojaa mafuta machafu, banda la mabati, na katikati ya banda ile lifti: mikono miwili ya chuma imejengwa kwa mikono ya watu, inasukumwa na jeki kubwa. Juu yake lilikuwa gari la kusambazia mikate, jeupe, limeandikwa ubavuni. Na chini ya gari, amesimama wima, kichwa kimeingia katikati ya magurudumu, yule mtu wa ovaroli. Nilimtambua kwa ule mkono uliokatwa. Alikuwa anapiga mluzi.

Shangazi alikuwa ameshashuka. Alinishika bega akaniambia, "Nielekeze. Yuko wapi?"

"Chini, shangazi. Yuko chini yake."

Mwenye gereji, mtu mnene mwenye miwani paji la usoni, akatukatia njia. "Mama, samahani, humu hawaingii wateja. Subirini pale kwenye viti."

"Mtoe mtu wako chini ya gari," shangazi akasema.

"Kuna nini?"

Hapo nikaingilia mimi. Sijui nilifikiri nini. Nilifikiri kibao chetu, nilifikiri baba, nilifikiri watu wakisikia. Nikasema kwa sauti yangu ya kaunta, "Hakuna tatizo kubwa, kaka, ni hitilafu ndogo tu kwenye ile pini mliyonunua, tungependa kuibadilisha, mkipata nafasi..."

"Mkipata nafasi," shangazi akarudia, akanitazama pale anapodhani uso wangu upo. Sijawahi kutazamwa vile.

"Pini haina hitilafu," mwenye gereji akasema. "Imekatwa kwenye chuma cha njano, rangi nimeiona kwa macho yangu mlipokuwa mnakikata, mimi mwenyewe nilikuwa nje ya geti lenu kwenye pikipiki. Na njano ya Mama Rangi nani asiyeijua?"

"Mama Rangi ni mimi," shangazi akasema. Alipandisha sauti ili ifike chini ya gari. "Ile njano nimeipaka mimi, na mimi sioni. Nimepaka njano kwenye chuma laini. Baba, wewe uliye chini, weka kitu ulichoshika, toka polepole, usiguse kitu."

Mluzi ukakoma. Kisha yule mtu akainama, akaweka spana sakafuni kwa utaratibu mkubwa, akatoka kinyumenyume mpaka akafika kwenye jua. Njiti ilikuwa bado mdomoni. Nikagundua nimelia, sijui tangu saa ngapi.

Wakalishusha gari. Lilishuka vizuri, halikutikisika, nikaanza kufikiri labda tumejiaibisha bure. Yule mtu akaenda kuichomoa pini. Alituambia asubuhi ile aliisukuma kwa kidole gumba ikaingia. Sasa haikutoka kwa kidole, wala kwa koleo. Ilitoka kwa nyundo, pigo la sita. Akaiviringisha kwenye meza ya kazi, na pini ikawa inachechemea: inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Magari mawili tu ndiyo yalikuwa yamepanda juu yake. Yule mtu aliitazama mpaka iliposimama, halafu akatoka nje ya banda akaenda kukaa juu ya tairi, mgongo ametupa sisi.

Mwenye gereji akavua miwani kwenye paji, akaivaa, akaivua tena. "Tangu lini, mama?"

"Macho, mwaka na zaidi. Kukosea, tangu Jumatatu." Akaikaza kanga yake kiunoni. "Ninavyojua mimi."

Hilo la mwisho lilinikata maini. Mpaka dakika ile nilikuwa nahesabu vyuma kumi. Sasa nikaanza kufikiria mwaka mzima wa watu walioingia dukani kwetu wakiamini rangi: mafundi wa mageti, wa winchi, wa matrela.

Shangazi aliomba aelekezwe kwenye lile tairi. Akasimama mbele ya yule mtu akamwambia nisamehe, kwa neno hilohilo, bila kulizungushia maua. Yule mtu akasema, "Nina watoto, mama."

Tulipoingia kwenye pikapu sikuweza kuwasha. Nilikuwa na langu, na lilikuwa limenikaba tangu kwenye jiwe la kunolea, pale nilipopiga hesabu ya siku nikakuta Jumatatu inafuata Jumamosi.

"Shangazi, kosa ni langu," nikasema. "Jumamosi niliosha rafu ya rangi. Niliyahamisha makopo. Nyeupe nikaiweka mwanzo, mahali pa njano. Wewe ulikuwa unachukua kwa mazoea ya mkono, sivyo? Kama nisingegusa, usingekosea. Nitamwambia baba. Nitamwambia ni mimi."

Mtu alikuja kujaza upepo kwenye tairi mbele yetu, akamaliza, akaondoka.

"Njano na nyeupe kwangu ni kitu kimoja siku hizi," akasema. "Vyote naona vimepauka, manjano manjano, kama chai ya maziwa iliyomwagwa kwenye kioo. Nilikwenda kwa daktari mwaka jana, sikumwambia mtu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akasema wanatoa, ila nikae bila kazi wiki kadhaa. Nikamwambia nitarudi."

"Hukurudi."

"Wiki kadhaa, baba yako angempa mtu mwingine brashi. Angenikaribisha kiti." Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Sasa sikiliza, na usinikatize. Jumatatu nilipoingia kwenye kile kibanda nilisikia harufu ya sabuni. Nikapitisha mkono, rafu haina vumbi, makopo hayana ukoko. Nilijua pale pale kwamba umeyagusa."

Nikageuka kumtazama.

"Nilijua. Wewe ulikuwa hatua kumi, kaunta. Ningekuita tu: mwanangu, hebu njoo, ipi ni nyeupe? Neno moja. Ungekuja. Lakini ungeniuliza kwa nini nakuuliza." "Nikajiambia, huyu mtoto lazima ameyarudisha kama yalivyokuwa. Nikachukua la pili. Nikabahatisha. Nimepaka miaka hamsini na mmoja sijabahatisha hata siku moja, na Jumatatu nimebahatisha mara kumi, nikijua, kwa sababu ya aibu tu. Kwa hiyo usinibebee. Kosa lako ni sabuni."

Nilikuwa nimekasirika. Nampenda shangazi yangu kuliko watu wengi wenye damu ya karibu zaidi, na bado nilikuwa nimemkasirikia mpaka meno yananiuma, kwa ajili ya yule mtu juu ya tairi, na kwa ajili yake yeye mwenyewe, na kwa ajili yetu sote tuliomfanya aogope neno moja namna ile. Niliwasha gari tukarudi.

Mchana ule tulifunga mnyororo kwenye geti. Wapakuzi walishusha vyuma vyote vya mviringo, vya rangi zote, si vile kumi tu, wakavitupa kwenye lundo la chakavu. Mmoja aliniuliza kama nina uhakika, maana vingine vilikuwa vipya kabisa. Shangazi akamjibu kabla yangu: vyote yatima. Alisimama pale mpaka cha mwisho kikaanguka, anavisikiliza.

Wateja walikuja, na kila aliyekuja alimkuta yeye getini. Nilimsikia akirudia maneno yaleyale kwa mtu wa kwanza, wa pili, wa tano. "Leo hatuuzi vya mviringo. Nimepaka rangi vibaya, macho yangu hayaoni. Kama ulichukua kitu kwetu mwaka huu na kinabeba mzigo, kitoe, tuletee." Wengine walimpa pole. Mmoja alimtukana, nikatoka kumtetea, shangazi akanirudisha ndani kwa mkono.

Saa kumi simu yangu ikalia. Alikuwa baba, bado kiwandani, sauti imechangamka, nyuma yake mashine zinanguruma.

"Haya, vipi huko? Salama?"

Baba huuliza hivyo kila siku, na kila siku tunamjibu salama, hata kama paa linavuja na mwizi yuko ndani. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kulisema. Shangazi alinyoosha mkono hewani, akatafuta kidogo, akaikuta simu, akaichukua.

"Si salama, mdogo wangu," akasema. "Tafuta mahali ukae."